Goti la Kulia na Maji ya Alhamisi

Goti langu la kulia liliniharibia jina kwanza, mwendo baadaye. Nalisema hili mapema kwa sababu kijijini kwetu wapo wanaosimulia habari za goti langu kama kichekesho, na wanazisimulia vibaya. Wao wanaanzia kwenye bendeji. Mimi naanzia kwenye tope.

Sisi ni watu wa milimani, Upare wa kusini, huko juu ambako ukitaka kufika Same mjini unapanda gari la alfajiri na kushuka kona baada ya kona mpaka masikio yanaziba. Tunalima tangawizi, maharage na migomba. Shamba langu liko mteremkoni, na bila maji ya mfereji tangawizi yangu haifiki popote. Maji hayo tunayakinga kwenye bwawa dogo la udongo na mawe, tunaliita ndiva. Yanalala humo usiku kucha yakijaa, asubuhi mwenye zamu anachomoa kizibo na kuyapeleka kwake. Siku yangu ni Alhamisi. Nimeirithi kwa mama mkwe wangu, naye aliirithi kwa mkwewe. Ijumaa ni ya jirani yangu wa bondeni, mwanamke ninayemzidi miaka michache, ambaye tumechota naye maji njia moja tangu tulipoolewa.

Sasa, ndiva hujaa tope, na tope huondolewa kwa msaragambo, yaani kazi ya wote. Pembe ikilia asubuhi, kila mwenye zamu anatoka na karai au chepe, au anamtoa mtu wa nyumbani kwake. Ukikosa mara tatu bila sababu inayoonekana, zamu yako anapewa anayekufuata. Sheria iko hivyo hivyo, sababu inayoonekana, na kamati ya maji haina mchezo nayo. Aliyevunjika mguu anaonekana. Mjamzito anaonekana. Mwenye homa unamwona anavyotetemeka. Mimi nyumbani niko peke yangu. Mume alifariki, binti yangu anafanya kazi Mwanga, kwa hiyo hakuna wa kunitokea. Na anayenifuata, narudia, ni jirani yangu wa bondeni. Alhamisi ikinitoka inakwenda kwake. Jambo hilo sikulisahau hata siku moja.

Siku ya tukio tulikuwa ndani ya ndiva, tope limetufika nusu ya muundi, tumejipanga mstari tukipokezana makarai. Jirani alikuwa kushoto kwangu. Alinipa karai lililojaa, mimi nikageuka kulia kumpa wa mbele. Mwili uligeuka, mguu haukugeuka. Tope lilikuwa limeushika wayo kama limeuajiri. Ndani ya goti kikasikika kitu, tak, kidogo tu, sauti ya kuvunja kijiti cha kiberiti. Maumivu yakanipanda mpaka kwenye nyonga. Jirani akanishika mgongoni, akasema, "Pole dada, pumzika kidogo." Nikapumzika kidogo, nikamaliza kazi. Hilo nalo watu hulisahau, kwamba siku ile nilimaliza kazi.

Kesho yake goti lilikuwa limevimba, limejaa, ngozi inang'aa. Nilikaa kitandani nikawaza. Nikikaa peke yangu huwa nawaza sana, na mawazo yangu si ya kusifia. Niliwaza: karai nililipokea kutoka kwa nani? Mkono ulionigusa mgongoni ulikuwa wa nani? Na Alhamisi ikinitoka inakwenda kwa nani? Nikajibu maswali yote matatu kwa jina moja.

Najua mtu wa mjini akisoma hapa atatabasamu. Atabasamu tu. Mimi ni Mkristo, naimba kwaya, na bado niliamini kwamba mwenzangu amenitupia kitu. Siyo kwamba niliamini kwa sauti. Niliamini kimya kimya, na nilianza kuitikia salamu yake kwa pembeni ya mdomo.

Uvimbe ulipokataa kushuka nikaenda Same hospitali. Daktari alikuwa kijana, mpole kupita kiasi, na mtu mpole kupita kiasi namtilia shaka. Alinilaza, akalikunja goti, akaushika unyayo akauzungusha huku anaunyoosha mguu taratibu. Kikalia tena kile kitu, tak, nikapiga kelele. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokitafuta. Mimi nikasema moyoni, huyu ananichezea. Akanipeleka eksirei. Picha ilipotoka aliiangalia, akaniambia, "Mama, mfupa wako mzima. Lakini picha hii inaonyesha mifupa tu. Nadhani kilichochanika ni gegedu la ndani, na hilo linahitaji kipimo cha MRI. Nitakuandikia uende Moshi. Kwa sasa pumzika, weka barafu, usichuchumae, na ufanye mazoezi haya ya kuimarisha paja."

Alisema yote hayo, neno kwa neno. Mimi nilisikia matatu: mfupa wako mzima. Hayo mengine niliona ni maneno ya kunitoa chumbani kwa heshima. Nani asiyejua kwamba ukitaka kumwondoa mgonjwa unamtuma hospitali ya mbali? Karatasi ya Moshi nikaikunja nikaiweka kwenye Biblia, na mazoezi sikuyafanya hata mara moja. Kama mfupa ni mzima na goti linauma, basi kinachouma si cha hospitali. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga ndani ya gari nikipanda mlima, na nilijiona nina akili kuliko daktari.

Habari ilinitangulia nyumbani. Sijui nani aliyenisikia pale Same, lakini kufika kwangu, mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee wa zaidi ya miaka sabini anayelima mwenyewe mpaka leo, alinikuta njiani. Nikamwambia, "Shikamoo baba." Akaitika, "Marahaba. Nasikia picha imetoka safi." Aliliangalia goti langu, akaniangalia usoni, akapita.

Nilikosa msaragambo mmoja. Nikakosa wa pili. Na hapa ndipo goti lenyewe liliponisaliti, maana goti hili halikuwa na msimamo. Lilikuwa na siku za kuuma na siku za kunyamaza. Jumatatu silikunji, Jumapili natembea kwenda kanisani kama msichana. Halafu katikati ya njia tambarare, bila sababu, linalegea nataka kuanguka, au linakwama nusu na kugoma, nalitikisa tikisa mpaka linaachia. Ningeelezaje? Watu waliniona Jumapili, hawakuniona Jumatatu. Wakaanza kunong'ona kwamba nina goti la siku za msaragambo. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza kwa sauti tamu, "Leo halijui kama kuna kazi?" Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika.

Basi nikatafuta bendeji. Kama wanataka kuona, waone. Nikanunua ile pana, nikaizungusha kuanzia katikati ya paja mpaka katikati ya muundi, mzunguko juu ya mzunguko, goti likawa halikunjiki hata likitaka. Nikitoka nje naivaa, nikirudi naivua. Kuna wiki niliivaa mfululizo, hata nikilala, kwa sababu nilimshuku jirani kwamba anachungulia. Ilifanya kazi. Watu walianza kunipa pole, hata yule wa kwaya. Nilikuwa nimeelewa kwamba kwetu maumivu hayana mdhamini mpaka yavae kitambaa.

Msaragambo wa tatu ulinikuta nimelala fofofo. Pembe ililia, nikaruka. Goti siku hiyo lilikuwa limenyamaza kabisa, na hilo ndilo lililoniponza, maana hakukuwa na maumivu ya kunielekeza. Nilijifunga bendeji haraka haraka gizani mwa chumba, nikashika fimbo, nikaenda kukaa ukingoni mwa ndiva ili nionekane. Nilikaa pale na uso wa mgonjwa. Jirani alikuwa ndani ya tope, anachota. Alinyanyua kichwa, akaniangalia, akaangalia tena. Akauliza, wala si kwa kelele, "Dada, si lilikuwa la kulia?"

Nikainama kuangalia. Bendeji ilikuwa mguu wa kushoto.

Sijawahi kusikia ndiva nzima ikicheka kwa pamoja namna ile. Machepe yalisimama. Mzee wa kamati hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mimi aibu ikinishika huwa inatoka kama hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Nikasimama, nikamnyooshea jirani kidole, nikasema mbele ya wote kwamba yeye ndiye anayejua goti langu lina nini, kwa sababu yeye ndiye aliyelifanya, kwa mkono wake, kwa ajili ya maji ya Alhamisi. Kicheko kikakatika. Kumtaja mtu hivyo hadharani si jambo dogo kwetu. Jirani aliinama akaendelea kuchota tope. Mzee akasema, "Umekosa mara tatu. Sababu haijaonekana. Alhamisi ataifungua anayefuata, mpaka utuletee ushahidi."

Kwa hiyo nilikuwa nimejinyang'anya mwenyewe. Lakini sikuliona hivyo wakati ule. Niliona njama imekamilika, na nikataka kuiona kwa macho yangu.

Alhamisi ya kwanza, jua limeshachomoza, niliteremka kwa fimbo mpaka kwenye migomba ya jirani, nikachuchumaa nyuma ya shina nene. Nilitaka kumwona uso wake akifungulia maji yangu yaingie kwake. Nilitaka nimkute anatabasamu. Nilichuchumaa muda mrefu, sijui nusu saa, mguu umekufa ganzi. Akaja na jembe, akaelekeza maji kwenye mfereji wake, akasimama kuyaangalia. Hakutabasamu. Alikuwa na uso wa mtu mwenye kazi nyingi. Maji yalikuwa mengi, mekundu kidogo, yanakimbia kuelekea kwenye maharage yake, na mimi roho iliniuma kiasi kwamba machozi yalinitoka. Nikaamua kuondoka kabla hajaniona.

Goti halikunyanyuka. Nilipojaribu kusimama lilikwama, na safari hii halikuwa la kutikisa. Lilikuwa limekunjwa na kitu kimejibana ndani, kama kokoto chini ya mlango. Kulinyoosha, siwezi. Kulikunja zaidi, siwezi. Nilijaribu kutambaa nikashindwa. Nilikaa pale kwenye majani makavu ya migomba nikijua kwamba katika dunia nzima mtu wa kumwita ni mmoja tu, naye yuko hatua ishirini, na mimi niko kwenye shamba lake nikimvizia. Nilinyamaza kadiri nilivyoweza. Halafu nikamwita.

Alikuja. Aliniangalia, akaangalia lile shina, akaangalia mahali nilipokuwa nimekanyaga majani. Alielewa kila kitu, sikuhitaji kuongeza. Akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya goti langu, akaugusa mguu taratibu kuunyoosha, mimi nikalia kwa sauti. Akasema, "Limekwama kweli." Akaliangalia muda mrefu. Kisha akaniinua, akaniegemeza begani kwake, akanipandisha mlima ule wote mguu wangu ukining'inia, akampigia simu mtu wa bodaboda, akampigia binti yangu. Njia nzima nilikuwa nikishuku hata huo wema. Niliwaza: anataka nini tena, zamu si anayo?

Binti yangu alinipokea Same tukaenda Moshi. Ile karatasi ya kwenye Biblia ndiyo iliyotuingiza. Walinipitisha kwenye mashine ile ndefu inayogonga kama fundi bati, na baada ya hapo daktari mtu mzima, mwenye mvi, akanionyesha picha. Nilimwambia kabisa, "Mimi picha nimeshapigwa, haikuonyesha kitu." Hakukasirika. Alinieleza kwamba ndani ya goti, kati ya mfupa wa paja na ule wa muundi, mna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, wao wanaviita meniskasi. Kazi yake ni kupokea uzito, mifupa isisagane. Kijana hukichana akicheza mpira. Mtu wa umri wangu, aliyepanda na kushuka na mizigo miaka thelathini, gegedu lake limeshachakaa, na linahitaji sababu ndogo tu: wayo umeshikwa, mwili umegeuka, uzito uko mikononi. "Ulikuwa umebeba nini?" akauliza. Nikamwambia, tope. Akasema, "Basi ni hilo."

Hakuuliza nilipokea karai kwa nani.

Nikamuuliza kwa nini linauma leo, kesho haliumi. Akasema kipande kilichochanika hupeperuka. Kikikaa mahali pake unatembea, kikiingia katikati ya mifupa goti linafunga. Eksirei haikioni kwa sababu si mfupa. Michaniko mingine, akasema, hutulia kwa mapumziko na mazoezi bila kisu. Mingine inashonwa, ikiwa iko pembezoni kunakofika damu na mtu amewahi. Wangu ulikuwa umekaa mwezi wa tatu, nimeukunja na kuuchuchumalia, ukingo wake umechakaa, haushoneki tena. Ingebidi wapunguze kile kipande kwa kamera, kupitia matundu mawili madogo. Halafu akalipima paja langu kwa utepe, la kulia jembamba kuliko la kushoto, na akauliza nani aliyeufunga mguu mpaka misuli ikaisha. Nikasema, mimi. Binti yangu akaangalia dirishani.

Matundu niliyatilia shaka mpaka nilipoamka na kuyahesabu. Yalikuwa mawili. Niliwauliza kile walichokikata kiko wapi, nikionyeshwe, wakanionyesha kwenye picha tu, kiuzi cheupe kilichochakaa ncha. Nilikitazama nikaona uchungu. Kitu kidogo kama hicho, na kingeweza kubaki ndani yangu kama ningefanya nilivyoambiwa Same na yule kijana mpole. Badala yake nilikuwa nimemwinda jirani. Mazoezi sasa nilifanya yote, kuinua mguu ulionyooka, kulikaza paja na kuhesabu mpaka kumi, asubuhi na jioni, binti yangu akinisimamia kama askari.

Nilirudi mlimani na bahasha kubwa na magongo. Kamati ilikutana ukingoni mwa ndiva siku ya Jumamosi. Nilimpa mzee picha. Aliinyanyua juani, akaigeuza, akaigeuza tena, akampa wa pembeni, naye akaigeuza. Mzee akasema, "Mwanangu, hatukatai. Lakini sisi hapa ya kwanza tuliambiwa safi. Hii hatujui kuisoma. Nani alilishuhudia goti?" Nikajua nimekwisha. Aliyelishuhudia ni mmoja, na Alhamisi ilikuwa mikononi mwake, na mimi nilikuwa nimemwita mchawi palepale tulipokaa.

Jirani akasimama. Akasema, "Mimi nililiona. Nililishika. Limekunjwa, halinyooki. Hadanganyi."

Mzee akauliza, "Ulilionea wapi?"

Nilimwona jirani anatafuta cha kusema, na nikaelewa kwamba anatafuta uongo wa kunisitiri mimi. Hapo nilishindwa. Nikajibu mwenyewe: "Kwenye migomba yake. Nilikuwa nimejificha namvizia anavyofungua maji. Na yale niliyomsema hapa, daktari amenionyesha nilichoumia, ni tope na uzee wangu. Nilimsingizia." Sikuwahi kusema maneno mazito kama hayo, na niliyasema nimeegemea magongo, kwa hiyo sikuweza hata kuficha uso.

Mzee akatamka kwamba Alhamisi inarudi kwangu, na kwa kuwa sitaingia tena kwenye tope, siku za msaragambo nitawapikia wafanyakazi uji. Watu wakatawanyika bila kucheka.

Tulirudi njia moja, mimi na jirani, kwa sababu njia ni moja. Alipunguza mwendo kunifuatisha. Maharage yake ya bondeni yalikuwa yamestawi sana kwa maji ya siku mbili, yanaonekana hata kwa mbali, na nilijua wiki ijayo yataanza kunyauka. Nikamuuliza kwa nini amenishuhudia, na nilimuuliza kwa shaka ile ile, sitadanganya, nikingoja nisikie anachokitaka.

Akasema, "Maji bado nayataka, dada. Ila goti nililiona."

Tuliendelea kushuka, yeye mbele, akisogeza mawe njiani kwa mguu ili magongo yangu yapite.